Matambara ya mafuta yaliunguza karakana yetu Kwa Mrombo, na hakuna aliyeniamini

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Leo mlima haujajitokeza tangu asubuhi, baridi tupu.

Ninachoandika nilikiona. Asiyeamini simlaumu, maana hata mimi siamini kitu kirahisi. Chuoni walimu walinichoka kwa maswali.

Mimi na rafiki yangu, nimwite Elibariki, tulikuwa tunatengeneza sinia na vibao vya kukatia mboga kwa mbao za mringaringa. Karakana yetu ilikuwa banda la mabati kwenye boma la baba yake mdogo. Upande wa pili wa ukuta, zizi la ng'ombe wa maziwa.

Wateja wetu wa lodge hawakutaka vanishi, walitaka finish ya asili. Tukawa tunapika yetu. Unayeyusha nta ya nyuki kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, unachanganya na linseed, yale mafuta ya kitani ya maduka ya rangi. Unapaka, unaacha mbao inywe, unafuta kwa tambara.

Matambara hatukuyatupa. Fundi gani wa huku anatupa tambara ambalo bado lina mafuta? Tuliyashindilia kwenye kiroba, kando ya maranda, yatumike tena.

Jumamosi moja tukapaka oda kubwa. Jumapili watu wako kanisani, karakana imefungwa, umeme umekatika mtaa mzima. Tukaitwa mbio. Tulikuta mabati yamejikunja, na ndama wa baba mdogo amekufa kwa moshi.

Sasa jiulize: hakuna umeme, hakuna jiko, hakuna mtu. Moto umetoka wapi?

Watu walijiuliza hivyo hivyo, wakapata jibu moja. Elibariki. Ndiye aliyefunga mlango, na wiki ileile alikuwa amezozana na baba mdogo kuhusu kupanua banda.

Mimi nikaenda kusoma habari za mafuta yale. Linseed haikauki kama maji. Inavuta oksijeni ya hewani, na ikivuta inatoa joto. Tambara likitandazwa, joto linapotea. Matambara yakirundikwa, joto linabaki katikati, linapanda, mpaka yanawaka yenyewe. Bila kiberiti.

Nikawaomba wazee wa ukoo niwaonyeshe. Wakakubali.

Nikaloweka matambara, nikayashindilia kwenye ndoo katikati ya uwanja. Wazee wakakaa kwenye mabenchi na makoti yao. Manyunyu yakaanza. Chai ikaletwa, ikanywewa, ikaisha.

"Msomi," mzee mmoja akasema, "huo moto wako umepanda gari gani?"

"Utakuwa umeshukia Usa River," mwenzake akajibu. Wakacheka.

Nikaeleza kwamba baridi inachelewesha, kwamba si kila rundo huwaka. Nilijisikia naongea kama mganga ambaye mizimu yake imegoma.

Baba mdogo akainuka, akachomoa tambara kwenye ndoo, akafutia viatu vyake. "Angalau viatu vimepata faida."

Mama yake Elibariki, mjane anayeishi kwenye boma hilohilo, alikuwa amekaa mlangoni kajiinamia. Elibariki alimtazama. Kisha akasimama.

"Baba, nilivuta sigara mle ndani. Nisameheni."

Wakuu, Elibariki hajawahi kuvuta sigara.

Kwao anayekiri anatoa kondoo, wazee wanakula naye, neno linafungwa. Anayekataa anatengwa, na mama yake pamoja naye. Nilifungua mdomo kupinga, akanikamata mkono kwa nguvu.

"Nyamaza, ndugu yangu. Ukweli wako una nyumba ya kumlaza mama?"

Nikaenda kuyatandaza matambara ya kwenye ndoo, moja moja. 

Kondoo kaliwa. Mama kabaki kwake. Baba mdogo anaitikia shikamoo ya Elibariki kama zamani. Lakini hakuna karakana inayompokea, si Sokon I wala Themi. Kila mlango anaobisha, habari ya sigara imeshafika.

Somo, kwa mnaotumia mafuta haya: tambara ukimaliza kulitumia, litandaze nje, moja moja, mbali na maranda, mpaka likauke na kuwa gumu. Au litumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji, ufunike. Usirundike. Usitie kwenye kiroba.

Juzi nimepita kwa fundi jirani, aliyeiga finish yetu. Kiroba kiko pale pale kando ya maranda, kimejaa. Nikamweleza yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Ondoa shaka, kaka. Mimi sivuti sigara."

Kwa hiyo naomba, mwenye kuona matambara yakijiwasha kwa macho yake aandike hapa chini, kwa maneno rahisi. Nataka kumsomea yule fundi maneno ya mtu mwingine. Yangu hayanunuliki tena.