Chumba cha Janvier Kule Iowa

Mume wangu Janvier ana ugonjwa mmoja ambao hata hospitali ya Coon Rapids, anakofanya usafi, haina dawa yake: anamwogopa kaka yake mkubwa, Sosthène. Si kwamba Sosthène ni mkali. Baba yao alipofariki, ndiye aliyemlea Janvier, akamlisha katika kambi ya wakimbizi, na tulipofika Amerika akatupokea nyumbani kwake Iowa na kutupa chumba cha juu. Mtu wa namna hiyo hajibiwi ovyo.

Hata tulipohamia hapa Brooklyn Center, jimbo la Minnesota, mwaka juzi kufuata kazi, Janvier aliendelea kuandika anwani ya kaka yake kila alipoulizwa anakoishi. Kazini pia. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Hapa tunapanga tu. Kwetu ni kwa yaya," yaani kwa kaka mkubwa. Nikamwacha aandike, na sasa najuta.

Maana mwaka jana wote walikuwa wakimkata kazini kodi ya jimbo la Iowa, ambako hakuingiza hata senti. Kisha Minnesota nao wakaleta barua wakidai kodi yao, na tarehe ya mwisho juu yake. Tungelipa na nini, na fedha zetu ziko Iowa? Tukakimbilia kwa Alice, Mkenya anayewajazia watu fomu za kodi karibu na kanisa letu.

"Iowa watarudisha hiyo pesa," alisema, "lakini lazima tu-prove ulihama. Lease yenu iko wapi?"

Lease, yaani mkataba wa kupanga, ilikuwa na jina langu peke yangu. Alice akavua miwani. "Basi mwenye ile nyumba ya Iowa aandike barua, asaini, aseme haukuishi kwake mwaka jana."

Nilimwona Janvier akinywea kwenye kiti.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Alikuwa akishika simu, anaiweka. Anagusa chakula, anasukuma sahani. Gari la posta likipita, anakimbilia dirishani. Mimi nami nilizihesabu siku zilizobaki kabla ya ile tarehe, na hasira zilinipanda.

"Tulipe mara mbili kwa sababu ya haya zako?" nilimfokea.

"Bernardine, nitamuambia nini? Yaya, andika kama mimi si mutu wa kwako tena? Ataona ninamukana."

Jumamosi nilichukua ufunguo wa gari mwenyewe, nikamwambia apande. Tukashika njia ya Des Moines, kwa kaka yake. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo mzee asije akalia mbele yetu.

Sosthène alitupokea kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mwishowe Janvier akatoa mfukoni ile barua, ambayo Alice alikuwa ameshaiandika tayari kusainiwa.

"Yaya, ni ya impôts tu, hii kodi. Haiko kitu ingine."

Sosthène aliisoma polepole, kisha akainua macho. "Kumbe hamutarudi tena huku?"

"Hapana, yaya. Njo kule Minnesota tunaishi."

Kaka mtu akashusha pumzi, akaomba kalamu, akasaini papo hapo.

"Mungu asifiwe," alisema. "Kuko famille moja ya kanisa inaomba ile chambre ya juu tangu sikukuu ya Noël. Bako na batoto. Nilibaambia hapana, ni ya mudogo wangu. Na mimi hii nyumba inanishinda kulipa, lakini niliogopa kukuambia."

Tukapanda juu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na suti ya Janvier bado ilining'inia nyuma ya mlango. Mimi nilicheka kwa kupata ahueni. Janvier aliichukua suti yake, akakaa kitandani, akaangua kilio. Wakati wote ule nilikuwa nikihofia machozi ya kaka yake, kumbe wa kulia alikuwa yeye mwenyewe. Sosthène akakaa kando yake, akampapasa mgongo.

"Lia, mudogo," alimwambia. "Lakini hii kitanda, mukiweza, muende nayo leo."