Mguu wangu ulipasuliwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu ya udhu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Vijana, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimeukimbia uzi wangu. Ninayoyasema yamenipata mwilini. Anayetaka ushahidi, kovu lipo, ila picha siweki.

Nilizaliwa Jang'ombe, Unguja, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Mguu wa kulia ulikuja sawa. Wa kushoto ulikuja umepinda kwa ndani, wayo unautazama mguu mwenzake, kisigino kimepanda juu. Siku hizi nasikia wanauita mguu kifundo. Wakati ule hata jina haukuwa nalo.

Nilikanyagia ubavu wa mguu mpaka pakaota sugu. Watoto wa mtaani waliniita Kiguu, nami niliwapiga. Kuwakimbiza sikuweza, kwa hiyo niliwangoja warudi.

Wakubwa nao hawakukosa maneno. Eti mama yangu alivuka kamba ya mbuzi akiwa na mimba. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na akishaamua jambo lake hata baba alikuwa anampisha njia.

Katikati ya miaka ya hamsini akasikia, pale bombani wanapochota maji, kwamba hospitali kubwa ya mjini kuna daktari Mzungu ananyoosha miguu ya watoto kwa kupasua. Baba alikuwa mchukuzi bandarini, anabeba magunia ya karafuu mchana kutwa, lakini kisu alikiogopa. Akasema tungoje kwanza. Mama akanifunga mgongoni kwa kanga, tukapita Darajani mpaka hospitali.

Nakumbuka kitambaa chenye dawa kali kikiwekwa puani. Nakumbuka kuamka natapika. Mguu ukawa ndani ya plasta nyeupe, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti.

Daktari akamweleza mama kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Kuna mshipa wa kisigino ulikuwa mfupi, ameukata na kuurefusha. Kazi iliyobaki ni ya plasta, ndiyo itakayoushika mguu mpaka uzoee kukaa sawa. Plasta isiguse maji kabisa. Mama akaitikia.

Sasa wakuu, hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanakheri. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka saba, umri ambao mtoto anaanza kuamrishwa swala. Bibi ndiye aliyenifundisha kutawadha na kuswali, na alijivuna nami mtaa mzima.

Na udhu, kwa wasiojua, unataka miguu ioshwe mpaka vifundoni. Kifundo changu kiko ndani ya plasta.

Bibi hakuona tatizo. Ukifika wakati wa swala ananikalisha uani, anachota maji kwa kata, anayamimina kwa juu, pale plasta inapoishia, ili yateremke mpaka kwenye ngozi. Swala zote tano.

Mama aliona siku ya kwanza akasema, "Mama, daktari kakataza maji."

Bibi akamjibu, "Daktari wako ndiye atakayemjibia kaburini? Swala bila udhu ni kuinama na kuinuka tu."

Mama akanyamaza. Msimlaumu haraka. Yule ni mama mkwe, nyumba ni yake, na kwetu mkwe hajibiwi mara mbili. Tena jambo lenyewe ni la dini. Nani atamwambia mtu mzima asimtawadhishe mtoto?

Plasta ilianza kunuka. Kisha ikalainika kama muhogo uliolowekwa. Siku moja asubuhi ikapasuka yenyewe nyuma ya kisigino, mama akaibandua kwa mikono. Mguu ulikuwa umerudi ndani. Si wote kama mwanzo, lakini umerudi.

Mama alikaa sakafuni ameushika ule mguu, akalia. Alilia kwa hasira. Nilimjua mama yangu, huzuni yake haikuwa na kelele vile.

Baba alipotoka bandarini akasema, "Basi tena. Tushajaribu. Mungu kashaandika."

Mama akamuuliza, "Kaandika nini? Wewe umeyasoma?"

Nisimame hapa kidogo. Wakuu, watoto wengi wa wakati ule walibaki na vilema vyao kwa sababu kama hii. Kisu wazazi wao hawakukikataa. Waliona haya kurudi kwa daktari na plasta iliyooza. Mzazi anaogopa kugombezwa, anabaki nyumbani, na mtoto anakua hivyo hivyo. Jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Mama yangu hakuona haya, lakini hakwenda hospitali kwanza. Alijua tukifungwa plasta nyingine na bibi yupo, tutarudi palepale. Akamwambia bibi kwa adabu zote, "Mama, nisindikize kwa mwalimu wa chuoni." Huyo ndiye aliyekuwa akitusomesha Kurani, na bibi alimheshimu kupita kiasi.

Tukafika. Shikamoo, marahaba. Mama akauliza swali lake moja, mtu akiwa na jeraha limefungwa, anatawadha vipi?

Mwalimu akajibu palepale. "Pale palipofungwa hapaoshwi. Anapitisha mkono wenye maji juu ya kitambaa, basi. Na kama hata unyevu huo utamdhuru, anatayamamu kwa udongo mkavu. Hukumu hii ya zamani sana, Bi Mwanakheri. Kwani hamkuja kuniuliza?"

Bibi akajiweka sawa buibui lake akatangulia kutoka.

Kesho yake mama ananifunga mgongoni, tukamkuta bibi keshavaa, yuko mlangoni. "Twendeni," akasema.

Daktari alipoona mguu aliwaka. "Nani ametia maji hapa?"

"Mimi, bwana daktari," mama akasema.

Bibi akamsogeza kwa kiwiko. "Mwongo huyo. Ni mimi niliyetia. Nigombeze mimi."

Daktari aliwatazama wote wawili, hasira zikampungua. Akasema itabidi apasue tena, na safari hii atagusa na mfupa. Maumivu yatakuwa makubwa zaidi, na hakuahidi kitu. Akashauri tukapumzike kwanza, turudi mwakani.

Mama akasema, "Nshamleta. Sirudi naye hivi."

Walinilaza siku ileile, nikapasuliwa kabla ya wiki kwisha. Wakuu, mara ya pili niliumwa. Nilimtukana daktari kwa matusi yote niliyoyajua, na Jang'ombe nilikuwa nimejifunza mengi.

Tuliporudi nyumbani bibi akageuka askari. Mtu hapiti karibu yangu na ndoo. Wingu likitanda naingizwa mimi ndani kwanza, nguo za kwenye kamba baadaye. Wakati wa swala ananishika mkono mwenyewe, anakagua kama una unyevu tu au unadondosha maji. Ukidondosha anaufuta kwa kanga yake.

Siku ya kufunguliwa tulikwenda wote, hata baba, ambaye alisimama nje. Plasta ikakatwa kwa mkasi mkubwa. Mguu ukatoka umekonda, ngozi inabanduka, sikuutambua.

Daktari akaniambia, "Simama."

Nikasimama. Nikaanza kulia.

Daktari akachutama haraka mbele yangu. "Inauma? Wapi?"

"Baridi," nikamwambia.

Hawakunielewa mara moja. Aliyenielewa ni mama, akajifunika uso kwa kanga. Ilikuwa baridi ya sakafu. Tangu nizaliwe kisigino kile kilikuwa hakijawahi kugusa chini.

Funzo langu ni hili. Mwenye mtoto wa namna hii asingoje akue. Mguu nao unakua, na unakua kombo. Siku hizi wanaanza kuwafunga plasta wakiwa wachanga kabisa, na wengi hawafiki kwenye kisu kikubwa kama changu. Na kabla hamjatoka wodini ulizeni maswali yote, hata yale mnayoona ni ya nyumbani: kuoga, udhu, bibi atasema nini. Kama daktari hana jibu, yuko mwenye nalo. Na mkikosea, rudini. Kugombezwa kunapita.

Uwanja ni wenu. Waliopitia plasta waseme, na wenye watoto waulize bila haya. Nitajibu polepole.