Lindo la Mwisho

Mwishoni mwa miaka ya tisini baba alikuja London, akakaa nami miezi minne Walthamstow. Alikuwa amepita miaka sabini na mitano. Ujanani alikuwa mpiga tarumbeta katika jeshi la mkoloni, akapelekwa mpaka Burma, na Kiingereza alichorudi nacho kilikuwa cha amri tu: simama, geuka, tembea.

Jumapili moja ya Novemba nilimpeleka kwenye mnara wa waliokufa vitani. Alivaa koti nililomnunulia sokoni, mikono ya koti ikiwa mirefu mno, na medali mbili kifuani. Mzee mmoja Mwingereza, aliyekuwa akiwapanga askari wa zamani mstari wa mbele, aliziona medali akatujia. Aliniuliza mimi kama baba angependa kusimama nao.

Nilitazama saa. Saa saba nilitakiwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nilijua baada ya sherehe kungekuwa na chai, picha na maswali, na mkalimani ni mimi. Tena lile koti lilinitia aibu. Nikamjibu kwamba miguu ya baba haiwezi kusimama muda mrefu.

"Amesemaje?" baba akauliza.

"Anasema baridi ni kali, ujifunike vizuri."

"Mwambie asante. Mtu mwema."

Tukabaki nyuma, karibu na uzio. Mwanamke mmoja mwenye sare akapiga tarumbeta ule mlio ambao Waingereza huuita Last Post, lindo la mwisho. Baba alikakamaa wima, mkono kwenye paji la uso, mpaka sauti ya mwisho. Miguu haikumtetemeka hata kidogo.

Njiani kurudi akanieleza. "Watu hudhani ni mlio wa msiba. Kambini tuliupiga kila siku. Usiku ukiingia, ofisa anakagua walinzi, lindo baada ya lindo. Akimaliza la mwisho unapiga, kila mtu anajua kambi iko salama, anaweza kulala. Baadaye ndio wakaanza kuwapigia wafu. Maana yake ni ileile: pumzika, wengine wanalinda. Kule Burma kuna siku nilipiga mpaka midomo ikapasuka."

Nilifika kazini mapema. Nilikunywa hata chai.

Baba alirudi Kenya, nami sikumwambia kitu. Miaka mitano ilipita. Kila Novemba nilitafuta shifti ya asubuhi, nisipite karibu na mnara ule. Aliposhikwa na ugonjwa wa moyo nikaogopa kwamba nimechelewa, nikampigia simu na kumweleza yote, pamoja na habari ya koti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Pale mbele walikuwa wangapi?"

"Kama kumi na mmoja, baba."

"Nami ningeenea pale," akasema. Kisha akaniuliza kama watoto wangu wamekula.