Friji ya Rakhil na Uzima Tele

Saa moja asubuhi, pasi ya mkaa mkononi, Rakhil Bibi ananyoosha suruali ya nne huku akipaza sauti bila kugeuka: "Mtindi wa nani umemwagikia nyama ya Shamim?"

Majirani watatu, wanawake, waliojazana mlangoni wanatazama dari.

Rakhil, 54, ni mpiga pasi katika mtaa wa Wakristo pembezoni mwa Faisalabad, Pakistan. Siku njema hupata rupia mia tisa. Alidunduliza miaka miwili akanunua friji kuukuu, ya kwanza katika uchochoro wao.

"Mchungaji alihubiri kwamba Yesu alikuja tupate uzima tele," anasimulia. "Mimi nikaelewa friji."

Mumewe, Barkat Masih, mfagiaji wa barabara, anadakia: "Aliifunga kwa kufuli la pikipiki! Mimi mumewe nilikuwa naomba maji baridi kama naomba kazi serikalini."

Joto la Juni lilipozidi, jirani yao Mwislamu, Mzee Ghafoor, mgonjwa wa kisukari, aliomba atunziwe insulini. Rakhil akaiweka, akafunga. Jioni, ufunguo haukuonekana.

"Nilitafuta hadi ndani ya unga. Binti wa mzee akaanza kulia hapo mlangoni. Nikamwambia Barkat, kata!"

Uchochoro mzima ulikusanyika. Msumeno ukalia robo saa, kufuli likaanguka. Ndani kulikuwa na insulini, chupa ya maji na nusu kitunguu.

"Shangazi," sauti moja ikauliza kutoka kwenye umati, "kumbe wezi walikuwa wanakitaka hicho kitunguu?"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mzee Ghafoor alidungwa sindano yake huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Niliona aibu mpaka masikio yakawaka," anasema Rakhil. "Halafu nikacheka nao. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mama yangu afariki."

Hakununua kufuli jingine. Leo friji imebeba vyakula vya nyumba kumi na moja. Maji yake mwenyewe hayana nafasi.

"Nilimuuliza mchungaji, huu ndio uzima tele, au nimenyang'anywa friji? Akasema samahani, yeye amefuata samaki wake humo ndani tu."

Sasa anadunduliza tena. Kabla ya Krismasi anataka benchi la mbao hapo mlangoni, maana wanaokuja kuchukua maziwa hukaa saa nzima wakiwa wamesimama.

"Ukiwapa pa kukaa hawataondoka," Barkat anaonya.

"Ndiyo maana nataka refu," anajibu Rakhil, akigeuza shati upande wa pili.