Mkono wa Kushoto Ulipokosa Msaidizi

Kisauni nzima ilijua kwamba nitapiga piano katika hoteli moja ya Shelly Beach kabla mimi sijakubaliwa kuipiga. Nilimdokezea mama habari hiyo mbele ya muuza mahamri, na muuza mahamri wetu ni redio isiyohitaji betri. Kufikia jioni hata mbuzi wa mtaa walikuwa wakinitazama kwa heshima. Mama akanunua leso mpya, akawapigia simu dada zake wawili wa Kaloleni, kwa sauti ambayo ingefika Kaloleni bila simu: "Njooni mumwone mwana wenu! Si kanisani tena. Hotelini!"

Ukweli wenyewe ulikuwa mwembamba kidogo. Kikundi chetu cha watunzi, watu tunaotunga vipande vifupi vya piano vyenye harufu ya jazi, kilikuwa kimekaribishwa kupiga Jumapili moja alasiri kwenye baraza ya hoteli hiyo. Wenzangu walishapitishwa wote. Ilibaki nafasi moja, nami nikiwa mgeni wa kikundi ningeipata tu endapo kipande changu kingewaridhisha. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mtu aliyepata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni, akibanana dawati moja na watu wenye wajukuu, atatishwa na mtihani gani tena?

Tulikuwa tukikutana Likoni kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma ya kanisa, penye piano ya kweli iliyoliwa na chumvi ya bahari hadi noti za chini zinakohoa. Kikundi kilianzishwa na mzee mmoja wa Mtongwe, mpiga piano wa mahoteli tangu zamani, mtu wa Kiswahili cha taratibu. Ndiye aliyetuwekea utaratibu wetu. Ukimaliza kupiga, hakuna anayesifu wala anayekosoa hadi zamu zote ziishe. Kila mmoja kwa zamu yake anakurudishia kwa mdomo, bila maneno, kile kilichomkaa masikioni, kisha anatia kionjo chake kidogo mwishoni. Jirani akikuletea pilau humrudishii sahani tupu, na kwetu muziki ulikuwa hivyo hivyo. Kisichorudishwa na yeyote, mtunzi anakifuta. Na wakati wote huo mtunzi haruhusiwi kujitetea. Kwa mwenye mdomo kama wangu, hicho ni kifungo na kazi ngumu.

Sasa, kipande changu nilikitunga nyumbani kwa kibodi ya umeme. Wanaopiga kanisani wanaijua. Unabonyeza noti tatu kwa mkono wa kushoto, unaziacha pale pale, na mashine inakuletea ngoma, besi na matoazi. Mkono wa kulia unahangaika, wa kushoto umekaa kama bwana harusi. Muda wote wa kutunga nilijiona bendi kamili. Nikimaliza najipigia makofi, na siku moja nilisimama nikaliinamia kabati la vyombo kwa shukrani.

Jumamosi ikafika. "Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ndoo, keti, utupe hicho kitu."

Nikaketi. Mkono wa kulia ukaingia vizuri, wimbo ukapinda kijazi kama nilivyoupinda nyumbani. Mkono wa kushoto ukabonyeza noti zake tatu, ukatulia. *Vuum*, ikasema piano. Halafu kimya. Nikangoja besi. Nikangoja ngoma. Hakuna aliyekuja! Nikaendelea, maana kusimama ni kufa, na kila wimbo ulipotaka kubebwa, *vuum*, kisha shimo. Jasho lililonitoka lingejaza pipa na ndoo juu yake.

Nilipomaliza, mzee akainuka taratibu, akafungua kifuniko cha piano, akachungulia ndani.

"Mwanangu," akasema, "wamngoja nani? Humu hamna mtu."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika ng'ambo ya kivuko. Mama mmoja wa Changamwe, karani wa kiwandani aliyetunga nyimbo za kwaya kabla ya kuingia jazi, alikuwa ameuma leso yake ya mkononi ili asianguke. Nilitaka kuwaeleza habari za kibodi. Mzee akaniinulia kidole. Mtunzi hasemi!

Basi wakaanza kunirudishia. Mama wa Changamwe akafuta machozi, akatulia, akaimba kwa mdomo ule mstari wa kwanza wa kulia, akafika kwenye *vuum*, akanyamaza. Akakaa kimya kwa urefu ule ule niliokaa mimi nikingoja ngoma, kisha akaendelea. Mwishoni akatia noti moja ya juu, yake. Aliyemfuata akarudisha mstari ule ule, na kimya kile kile. Wa tatu hivyo hivyo, ila yeye aligonga meza katikati. Chumba kizima kilinirudishia mstari mmoja na shimo lake! Yale madoido niliyowatesea majirani, ya kupanda na kushuka kama tumbili mnazini, hakuna aliyeyakumbuka hata moja.

"Kipande chako, ndugu mtunzi," akasema mama wa Changamwe, sasa ruhusa ya kusema ikiwa imetoka, "ni kama mkutano wa kamati. Maneno mengi, uamuzi mmoja. Bakisha uamuzi, wengine waende nyumbani."

"Na hotelini je?" nikauliza. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga. Nilikuwa nawaona mama zangu wadogo wakishuka na vikapu vyao.

Mzee akafikiri. "Hicho kimya ni kizuri, lakini hukukitia wewe, kimekuangukia. Nenda kaufundishe mkono wa kushoto kazi, ubebe wimbo mwenyewe, na ukinyamaza, unyamaze kwa kupenda. Jumamosi tutausikia. Ukilala tena, Jumapili utatupangia viti."

Kupanga viti mbele ya leso mpya ya mama! Wiki ile mkono wangu wa kushoto haukujua raha. Niliupigisha juu ya meza kazini, juu ya mikebe ya rangi ghalani, juu ya ukuta wa choo. Kitufe cha ngoma kwenye kibodi nilikibandika plasta ya kidonda ili kidole kisiende chenyewe kwa mazoea. Hapo mwanzo ule mkono ulikuwa kama punda aliyekwama matopeni. Kufikia Alhamisi ukawa unatembea, tena kwa mwendo wa chakacha, kiuno kidogo, na Ijumaa ulikuwa unanipita mimi mwenyewe. Nilikula ugali kwa tabu, kwani mkono wa kulia nao ulianza kumwonea mwenziwe wivu.

Jumamosi nikapiga. Kipande kilikuwa kifupi sasa, kinaisha mtu hajamaliza kumenya chungwa. Kushoto kukabeba, nikafika pale, nikainua mikono yote miwili, nikanyamaza kwa kupenda. Nikamaliza. Mama wa Changamwe akarudisha wimbo wa kulia. Yule wa tatu akarudisha wimbo na meza yake. Ikabaki zamu ya mzee. Akafumba macho, na kwa ile sauti yake nene, akaanza kuimba kushoto. Kushoto peke yake! Besi yote, na kiuno chake, hadi mwisho.

Sikungoja ruhusa. Nilimkumbatia mzee wa watu hadi kofia ikamwanguka.

"Taratibu," akasema, "wanivunja mbavu na kesho nina kazi."

Jumapili watalii wakakaa na juisi zao, na mstari wa mbele wakakaa mama na dada zake, wamenyooka kama wazee wa baraza. Zamu yangu ikafika. Nikapiga, nikamaliza, nikainuka kuinamia watu.

"Waenda wapi?" mama akaniuliza kwa sauti ya Kisauni. "Keti umalize!"

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza nini? Hata sijakaa vizuri! Hawa wametoka Kaloleni!"

Baraza nzima ikacheka. Nikamtazama mzee, naye akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikaketi, nikaanza upya. Mkono wa kushoto ukaubeba wimbo hadi pale, nikainua mikono, kikaingia kile kimya changu. Na mmoja wa mama zangu wadogo, asiyewahi kusikia jazi wala kuwekewa utaratibu na mtu yeyote, akakijaza kimya chote kwa vigelegele.