Kidonda Kisichozidi Ukucha

Mwanangu, siku ambayo hunishtua hadi leo ni ile niliyolala kifudifudi kitandani kwangu, mtaani Kware, majirani wakiukagua mgongo wangu kama watu wanaochagua viatu vya mitumba. Nilikuwa kijana mwenye digrii, na nilikuwa nimetoka hospitali jana yake.

Kwa miezi mingi diski moja ya kiunoni, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, ilikuwa imechomoza na kuubana mshipa wa fahamu. Mguu wa kushoto ukawa unawaka moto hadi kidoleni. Daktari alipitisha vyombo vyembamba kwenye tundu dogo, akatoa kipande kilichochomoza, na nilipozinduka moto ulikuwa umezimika. Nilimwuliza muuguzi kama mguu ule ni wangu kweli.

Mama Mwende, jirani wa mlango wa pili, aliinama akaitazama plasta.

"Ni hapa tu? Mimi nikikata sukuma wiki hujikata kuliko hivi."

"Ndio wasomi hao," mumewe akasema. "Kamkwaruzo kadogo, mtu analala mwezi. Na bibi ndiye anapandisha maji."

Nilicheka nao, lakini maneno yalinikaa. Ni kweli mke wangu, Mueni, ndiye aliyepandisha mitungi hadi ghorofa ya tano, maana mifereji yetu ilikuwa pambo tu, haitoi maji. Kesho yake alipokwenda kazini, nilishuka, nikainua mtungi wa lita ishirini, nikazipanda ngazi nikiomba Mama Mwende afungue mlango anione.

Alifungua. Alinikuta sakafuni, maji yakiteremka ngazi, mguu umekufa ganzi. Nilijaribu kuinua kidole gumba cha mguu. Hakikuinuka. Nilikikodolea macho tu, kama mtu aliyekataliwa na mwanawe wa kumzaa.

Baba mkwe, Mzee Mutua, alinikuta hospitalini nikisubiri kupasuliwa tena. Ndiye aliyekuwa ameketi nami daktari aliponipa masharti baada ya upasuaji wa kwanza.

"Ulimsikia daktari akikukataza kuinua vitu vizito?"

"Nilimsikia, baba."

"Na Mama Mwende alisomea wapi udaktari?"

Nikatazama ukuta.

"Mueni hakulalamikia maji," akasema polepole. "Sasa yuko nje hapo, anauliza kama utatembea."

Nilitembea, mwanangu, ila unyayo wa kushoto huburuta kidogo, na kiatu chake huisha mapema.

Basi nikuambie. Tundu dogo ni hisani ya daktari kwa ngozi na nyama zako. Huko ndani kumeguswa pakubwa, nako hupona kwa wakati wake. Ukiambiwa lala, lala. Wageni wakikucheka, wape chai. Na ukienda kumwona mgonjwa, mwulize anaumwaje, usimpime kwa plasta.

Mungu akujalie mgongo imara. Na siku utakapokuangusha, akujalie mtu wa kukuchotea maji, nawe usione haya kuyanywa ukiwa umelala.