Mizizi ya Mama Maabarani

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la maabara Migwani nikingoja majibu yangu, mara akafika mama anayeuza dawa za mizizi sokoni. Alikuwa ameacha chupa ya dawa yake ijaribiwe kwa wadudu wa kidonda, wale sugu wasiosikia antibiotiki. Mpimaji akatoka na kisahani walimooteshwa wadudu hao, akakiinua kwenye mwanga.

"Mama, ona hapa palipo safi. Wadudu wamekufa. Kwani ulichemsha nini?"

Mama akahesabu kwa vidole. "Mizizi ya mukau, maganda ya mwarobaini, na kapsuli mbili, zile za rangi mbili."

Mpimaji akashusha kisahani polepole. "Kapsuli za antibiotiki? Lakini hawa wadudu hawazisikii kabisa!"

"Basi ni mizizi."

"Ama ni zote zikishikana." Akakuna kichwa. "Niletee ingine bila kapsuli, tujue ukweli."

"Wewe nitakuletea," mama akasema akikaza leso. "Lakini ya sokoni siwezi kutoa kapsuli. Wateja watasema imepoteza nguvu."

Nikainamisha kichwa. Mwezi mzima nimekunywa dawa ya huyu mama, nikijigamba kanisani kwamba mimi na vidonge tumeachana.